Nyambizi Makenke: Vita vya Chini ya Maji katika Historia na katika Insha za Wanafunzi Wetu

Utangulizi

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu mradi wa kuandika bunilizi ya kisayansi kwa Kiswahili. Kikundi kimoja kilikuwa na wanafunzi watano. Wawili walilelewa katika nyumba za askari kambini Makenke, hapa Mbarara, makao makuu ya Divisheni ya Pili ya jeshi la Uganda. Watatu wanatoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, na wazazi wao walikimbia vita vya mashariki ya Kongo. Kikundi hicho kilichagua kuandika juu ya vita vya nyambizi katika Ziwa Victoria mwaka 2190. Nyambizi zao zilikwenda kilomita 1,000 kwa saa.

Niliisoma kazi yao mara mbili. Ilikuwa na uhai, lakini ilikuwa na kasoro tatu. Kwanza, kila chombo kilipotajwa, Kiswahili kilikwisha na Kiingereza kikaingia. Pili, wahusika hawakusema chochote isipokuwa amri: "Piga!", "Rudi!", "Songa mbele!", "Ndiyo, afande!" Tatu, hakuna mtu aliyekufa. Nyambizi kumi na mbili zilipasuka kama maputo ya sherehe, na hadithi ikaendelea bila hata mama mmoja kupata habari ya msiba.

Nilipomwonyesha mwalimu mwenzangu kazi hiyo, alicheka. Akasema, "Kiswahili hakina maneno ya mambo hayo. Isitoshe, watoto wa huku bara wana nini na bahari?" Maneno yake yalinikera kidogo, kisha yakanifikirisha. Ni kweli kwamba kutoka Mbarara hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Maji makubwa tunayoyajua hapa ni mto Rwizi na maziwa ya Mburo na Nakivale. Je, tuna haki ya kuota vita vya chini ya bahari? Na tukiota, tutaota kwa lugha gani?

Makala haya yanakusudia kujibu maswali hayo kwa njia ya historia. Nitaonyesha kwamba vita vya majini vimewafikia watu wa bara na lugha yao kwa zaidi ya karne moja, na kwamba anayetaka kuandika vita vya kesho kwa Kiswahili hana budi kuwajua kwanza waliokufa katika vita vya jana.

Manowari, meli na afande

Tuanze na maneno, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Msamiati wa majini katika Kiswahili ni wa tabaka mbalimbali. Tuna mtumbwi, ngalawa na dau. Tuna maneno yaliyokuja kwa biashara ya Bahari ya Hindi, kama merikebu, jahazi, nahodha na baharia. Kisha tuna maneno yaliyokuja na wakoloni. Meli lilitokana na neno la Kiingereza lenye maana ya barua, kwa kuwa vyombo vya moshi vilivyotia nanga pwani ndivyo vilivyoleta mifuko ya posta. Manowari lilitokana na jina ambalo mabaharia wa Kiingereza waliziita merikebu zao za kivita.

Neno hilo la manowari halikujifunzwa katika kamusi. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu asubuhi, manowari za Uingereza zililipiga kwa mizinga jumba la mfalme mjini Unguja, kwa sababu Sayyid Khalid bin Barghash alikuwa amekalia kiti cha enzi bila idhini yao. Vita hivyo vilichukua takriban dakika 38. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, na chombo cha Sultani kilichoitwa Glasgow kilizamishwa bandarini. Walioshuhudia asubuhi ile walikuwa wamejua maana ya manowari kabla ya mwalimu yeyote kuwafafanulia.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa lugha ya kambini. Afande ni neno la Kituruki lililosafiri na majeshi ya Misri na Sudan hadi likatufikia. Ombasha na shaushi, vyeo vya zamani vya koplo na sajini, vilipita njia hiyohiyo. Huku Uganda, Kiswahili kilishika mizizi jeshini kuliko mahali pengine popote. Jambo hili limekipa nguvu, na pia limekiletea aibu. Wazee wa Mbarara wanaokumbuka miaka ya 1970 wanakumbuka Kiswahili cha kizuizi cha barabarani, na kile cha Februari 1979 majeshi ya Tanzania yalipouteka mji huu. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 kilitajwa katika marekebisho ya katiba kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata hivyo, sheria haiondoi kumbukumbu. Bado wapo wazazi wanaoamini kwamba Kiswahili ni lugha ya kuamrisha watu, wala si lugha ya kusema mambo ya moyoni.

Sasa naelewa kwa nini wahusika wa wanafunzi wangu walitoa amri tu. Vijana wale wawili wa Makenke waliandika Kiswahili walichokisikia tangu utotoni.

Boti za kasi zilizovuka milima ya Kongo

Wenzao wa Nakivale walikuwa na kumbukumbu nyingine. Nilipouliza kwao chombo cha majini kinaitwaje, mmoja alijibu, "Mwalimu, kwetu Kalemie tunasema bwato. Lakini ile ya kuenda chini ya mayi, sijui." Jibu lake lilinikumbusha kwamba Kalemie si mahali pageni katika historia ya vita vya majini. Kwa kweli, mfano bora wa vita vya kasi majini katika bara letu ulitokea hapo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walilitawala Ziwa Tanganyika kwa meli zao, zikiwemo Hedwig von Wissmann na Kingani. Mwaka 1915 iliongezwa Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani na kuungwa Kigoma. Waingereza hawakuwa na chombo cha kupambana nazo. Wakaamua kuleta boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, zenye urefu wa mita 12 hivi kila moja. Zilitoka Uingereza hadi Cape Town kwa meli, kisha zikasafiri kwa reli hadi Fungurume, Katanga. Hapo reli iliishia. Kutoka hapo zilivutwa kwa mitambo ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya vibarua Waafrika waliokata miti na kujenga madaraja kupita milima ya Mitumba. Baadaye zilipakiwa tena kwenye reli, zikateremka mto Lualaba, na mwishowe zikafika ziwani karibu na mahali palipo Kalemie ya leo.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliikimbiza Kingani na kuiteka. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizamishwa. Vyombo vidogo vyenye kasi vilivishinda vyombo vikubwa kwa sababu viliweza kugeuka upesi na kushambulia kutoka upande ambao mzinga wa adui haukuelekea.

Vitabu vingi vinasimulia habari hii kama kichekesho cha maofisa wa Kizungu, na majina yao yamehifadhiwa. Majina ya waliozivuta boti milimani hayamo. Mwandishi wa bunilizi ana kazi ya kufanya hapo.

Kuhusu Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 isije ikatekwa, baada ya kuzipaka injini zake grisi ili zisiharibike. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya la Liemba. Mwaka 2015 meli hiyohiyo, iliyowahi kubeba mizinga, ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka kijiji cha Kagunga hadi Kigoma. Nilipowasimulia wanafunzi habari hii, wale wa Nakivale walinyamaza. Huko kwao Nakivale wamo majirani kutoka Burundi, na hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya kungoja chombo ufukweni na mtoto mgongoni.

Tarehe 12 Februari 1944

Hata hivyo, vita vya Ziwa Tanganyika vilipiganwa juu ya maji. Mwenzangu angeweza bado kusema kwamba vita vya chini ya maji havituhusu. Hapo ndipo tunapofika kwenye tukio ambalo kila mwalimu wa Kiswahili katika Afrika Mashariki angepaswa kulijua, lakini wengi wetu hatukufundishwa.

Katika Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Kiingereza ya Afrika Mashariki yaliandikisha vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Baada ya kupigana Ethiopia na Madagaska, wengi walipelekwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, kujiandaa kwa vita vya Burma dhidi ya Wajapani. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za abiria ulitoka Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo. Moja ya meli hizo iliitwa Khedive Ismail. Ilikuwa na watu wapatao 1,500, na karibu 1,000 kati yao walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Walikuwemo pia mabaharia, wauguzi wa kike na wanawake wengine waliokuwa katika utumishi wa jeshi.

Mchana wa tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ilikuwa ikivizia chini ya maji. Topido mbili ziliipiga Khedive Ismail. Baadhi ya abiria walikuwa ukumbini wakisikiliza muziki. Katika muda wa dakika mbili hivi meli ilikuwa imezama. Watu 1,297 walikufa. Ni mara chache sana katika vita vile ambapo meli moja ya Kiingereza ilipotea na watu wengi kiasi hicho.

Msiba haukuishia hapo. Manowari mbili za ulinzi, Petard na Paladin, zilianza kuitafuta nyambizi. Walionusurika walikuwa wakielea, wengine wameshika mbao na maboya. Nyambizi ilikuwa karibu nao, chini yao. Kama isingepigwa ingeweza kuzamisha meli nyingine nne zilizobaki, zenye maelfu ya watu. Petard ikaamriwa kushambulia. Ikatupa mabomu ya kulipuka kinani, na baadhi ya waliokuwa majini waliuawa na mabomu ya upande wao wenyewe. Nyambizi ililazimika kupanda juu, na baada ya mapambano ya saa kadhaa Petard iliizamisha kwa topido.

Leo hii, katika Makaburi ya Vita ya Nairobi, upo mnara wenye majina ya askari wa Afrika Mashariki wasio na kaburi, na wale waliozama na Khedive Ismail wamo. Walikuwa watu waliozoea kuamrishwa kwa Kiswahili, wengi wao wakitoka mahali ambapo bahari ni habari ya kusimuliwa tu. Kwa hiyo anayeuliza watoto wa bara wana nini na bahari amejibiwa tangu mwaka 1944.

Kasi na kimya

Baada ya kuwasimulia wanafunzi tukio hili, mmoja aliuliza swali zuri: "Mwalimu, nyambizi ile ilikuwa na kasi gani?" Nyambizi za aina ya I-27 zilikwenda takriban kilomita 43 kwa saa zikiwa juu ya maji, lakini zikiwa chini hazikuzidi kilomita 15 kwa saa. Huo ni mwendo wa baiskeli barabarani. Chombo chenye mwendo wa baiskeli kiliua watu 1,297. Silaha yake ya kwanza ilikuwa subira na kimya.

Hapa inafaa tueleze kidogo sayansi yake. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800. Ukitaka kuongeza kasi ya chombo mara mbili ndani ya maji, unahitaji nguvu ya injini karibu mara nane. Isitoshe, nyambizi za zamani zilitumia injini za dizeli zinazohitaji hewa, hivyo zilipozama zilitegemea betri, na betri zilikwisha upesi. Tatizo hilo la hewa lilipata ufumbuzi Marekani ilipounda nyambizi ya kwanza ya nguvu za nyuklia, Nautilus, iliyoanza safari mwaka 1955 na kupita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini Agosti 1958.

Jina hilo la Nautilus limo pia katika riwaya ya Jules Verne, Mfaransa aliyeibuni nyambizi yake karibu mwaka 1870. Katika riwaya hiyo, chombo cha kubuni kilikwenda maili 50 kwa saa, yaani kilomita 80 hivi. Ilichukua takriban miaka 100 dunia kukifikia. Katika majaribio ya mwaka 1969 na 1970, nyambizi moja ya Kisovieti iliyoitwa K-162, baadaye K-222, ilivuka kilomita 80 kwa saa chini ya maji. Lakini Wasovieti hawakuunda nyingine ya aina hiyo. Ilikuwa ghali mno, na ilipokimbia ilipiga kelele kubwa kiasi kwamba adui angeisikia kutoka mbali, na yenyewe isingeweza kumsikia adui.

Baadaye, mwaka 1977, Wasovieti walianza kutumia topido iitwayo Shkval, inayosukumwa na roketi. Ncha yake hutengeneza povu la gesi linaloizunguka topido yote, hivyo badala ya kusukumana na maji husafiri kama iliyo ndani ya pango la hewa. Kasi yake ni takriban kilomita 370 kwa saa. Lakini nayo ina kasoro zake. Hufika kilomita chache tu, na matoleo yake ya kwanza yalikwenda moja kwa moja bila kuweza kumfuata adui aliyekwepa.

Wahenga walisema, "Kimya kingi kina mshindo mkubwa." Sidhani walikuwa wakifikiria nyambizi, lakini katika methali hiyo imo kanuni nzima ya vita vya chini ya maji. Anayekimbia husikika, na anayesikika hufa. Nyambizi ya kilomita 1,000 kwa saa si kosa katika bunilizi. Mwandishi anaruhusiwa kuiunda. Ila lazima aamue imepata wapi nguvu, imejificha vipi na nahodha wake anaonaje mbele akiwa ndani ya kelele zake mwenyewe. Bila majibu hayo, ameandika ndege na kuibandika jina la nyambizi.

Bunilizi ya kisayansi katika Kiswahili

Kuna wanaodhani kwamba aina hii ya uandishi haina mizizi katika fasihi yetu. Hilo si kweli. Katama Mkangi wa Kenya, katika riwaya yake Walenisi ya mwaka 1995, alimpeleka mhusika wake Dzombo katika chombo cha anga baada ya kuhukumiwa kifo, akafika katika ulimwengu wenye haki kuliko wetu. Jina lenyewe, ukilitamka polepole, linasema "wale ni sisi". Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka (2001) na Kyallo Wadi Wamitila katika Bina-Adamu! (2002) walitumia mambo yasiyo ya kawaida na nyakati zinazochanganyika ili kusema ukweli juu ya Afrika ya leo.

Waandishi hawa hawakuanza na mashine. Walianza na mtu aliyedhulumiwa, kisha wakamtafutia chombo. Wanafunzi wangu walianza na mashine, halafu wakasahau kumweka mtu ndani yake. Nadhani wengi wa wanafunzi wetu hukosea hapo, na kosa ni letu walimu, maana tunapowapa mada ya sayansi tunawauliza juu ya vyombo na hatuwaulizi juu ya abiria.

Kazi ya pili darasani

Hivyo basi niliwarudishia kazi yao, nikawapa masharti matatu tu. Kila chombo kitajwe kwa Kiswahili, hata kama ni kwa kueleza. Kila amri ifuatwe na wazo la anayeamriwa. Na angalau mtu mmoja afe, msomaji awe amemjua kabla hajafa.

Upande wa msamiati haukuwa mgumu kama nilivyotarajia. Nyambizi lipo katika kamusi zetu, na hukaa katika ngeli ya i-/zi-: nyambizi ile imezama, nyambizi zile zimezama. Topido limekwisha kuzoeleka, na rada vilevile. Chombo kinachotuma sauti majini na kungoja irudi, wengine hukiita sona. Kikundi kilipendekeza "kinasamwangwi", na nadhani ni jina zuri, kwa kuwa mtoto yeyote aliyewahi kupiga kelele bondeni ataelewa kazi yake bila maelezo. Kwa mbinu ya Shkval walisema "kwenda povuni". Yule wa Kalemie alisisitiza kwamba mhusika wake mmoja, bibi mzee, aseme bwato na mayi, kwa sababu bibi yake mwenyewe ndivyo asemavyo. Nilikubali. Kiswahili sanifu kina mahali pake, lakini riwaya yenye watu wa Kalemie ambao wote wanasema kama watangazaji wa redio ni riwaya ya uongo.

Upande wa hadithi ulibadilika zaidi. Katika kazi ya pili nyambizi iko kinani, imezima injini, chini ya kundi la watu wanaoelea baada ya meli yao kupigwa. Juu yao inakuja manowari ya kuwaokoa, ambayo pia ina mabomu. Aliye kwenye kinasamwangwi cha manowari ni binti wa Makenke. Anaisikia nyambizi. Anasikia pia miguu ya watu ikipiga maji juu yake. Afande anauliza, "Umesikia nini?" Hadithi inakwisha kabla hajajibu.

Nilipowauliza kwa nini hawakuendelea, kijana mmoja wa kambini aliniambia, "Mwalimu, tulibishana siku nne. Hatukuweza kumwandikia jibu." Kwa mara ya kwanza amri ya kijeshi ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili na ikafuatwa na kimya cha mtu anayefikiri. Niliwapa alama nzuri, na nikawaambia kwamba swali lao liliwahi kujibiwa mwaka 1944, na kwamba watu bado wanalibishania jibu hilo.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba hoja ya "Kiswahili hakina maneno" na hoja ya "watu wa bara hawana bahari" zote mbili zinatokana na kutojua historia. Maneno yamekuwa yakija na vita tangu manowari za mwaka 1896, na sisi tumeyapokea na kuyapa ngeli. Watu wa bara walivuta boti milimani mwaka 1915 na kuzama baharini mwaka 1944. Hata leo tunaunganishwa na kilindi. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, mawasiliano yalizorota Tanzania, Kenya na hata huku Uganda. Vita vya kesho chini ya maji, kama vitakuja, huenda vikaanza kwa kisu kwenye waya, na Mbarara itajua siku hiyohiyo.

Aidha, nawaomba walimu wenzangu mambo mawili. La kwanza, tukio la Khedive Ismail liingizwe katika masomo ya ufahamu na insha. Linafaa kwa kidato chochote, na lina kila kitu ambacho mwalimu wa lugha angetaka: safari, tarehe, hesabu, uamuzi mgumu na msiba. La pili, wanafunzi wanapoleta bunilizi za kisayansi, tusiwacheke. Tuwaulize nani amepanda chombo hicho, na nyumbani kwake nani anamngoja.

Msomaji mwenye jina bora kuliko kinasamwangwi, au anayejua jina linalotumiwa na wavuvi wa kwao kwa chombo cha chini ya maji, anakaribishwa kutuletea ofisini. Wanafunzi wale watano wanaendelea na sura ya pili, na wameniambia kwamba bado hawajakubaliana binti yule atajibu nini.